Kiingereza Kilichobaki kwa Baba

Baba yangu alianza kujifunza Kiingereza akiwa na miaka sitini na minne, na sababu ilikuwa ukuta.

Alikuwa mwashi. Kwetu Kongo, Kivu ya Kusini, walimwita masoni. Huku Nakivale, kambi ya wakimbizi ya Uganda tulikofika nikiwa na miaka minne, watu wanamwita fundi tu, na kila mtu anajua ni fundi gani anayesemwa. Mkandarasi mmoja wa mjini alikuwa amempa kazi ya kujenga ghala dogo la mahindi karibu na ziwa. Asubuhi moja mkandarasi huyo akampigia simu, akamuuliza kwa Kiingereza kazi imefika wapi. Kiingereza chote cha baba alikuwa amekiokota kwenye mifuko ya saruji na midomoni mwa wasimamizi. Alitaka kusema kwamba yuko pale, mwiko mkononi, anajenga. Akasema, "I built." Yaani nilijenga, kazi imekwisha. Mkandarasi alimshukuru sana, akakata simu, na kabla ya saa sita mchana lori liliingia na mabati, mbao na maseremala wawili. Ukuta ulikuwa umefika magotini.

Maseremala walikalia ukuta huo huo, wakala chakula chao cha mchana, kisha wakarudi Mbarara na mabati yao. Kwa wiki nzima vijana wa kazi walimwita baba "I built". Hakuwakasirikia. Jumamosi iliyofuata nilipokwenda kumwona, alinisimulia mwenyewe, akacheka, halafu akasema, "Mama, nilikosea kitu kidogo sana. Nataka kukijua."

Aliniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Mimi wakati huo nilikuwa nimekwisha kuhamia mjini Mbarara, mtaa wa Nyamityobora, kwenye chumba kimoja chenye kibaraza, na kibarazani nilikuwa nimeweka cherehani yangu. Kiingereza changu kilitosha kupima mtu kiuno na kumwambia arudi Ijumaa. Sikuweza kumwonyesha baba hicho kitu kidogo alichokosea. Sikukijua mwenyewe.

Akajiandikisha darasa la watu wazima. Lilifanyika saa kumi alasiri katika shule ya msingi ya kijiji cha jirani, watoto wakishaondoka. Wanafunzi walikuwa Warundi na Wakongo, wakulima na wachuuzi, wamekunja magoti kwenye madawati ya watoto wa darasa la pili. Mwalimu alikuwa mama wa Kinyankore aliyestaafu ualimu, mwenye kukaa Isingiro mjini, akija mara tatu kwa wiki kwa boda, mkoba wake kifuani. Wote walimwita madamu. Mara moja nilikwenda kumsubiri baba mlangoni, nikamwona madamu huyo akifundisha, na nikaelewa kwa nini watu hawakukosa darasa lake hata wakati wa kupalilia.

Kanuni yake ilikuwa moja: usiseme kitu unachokifanya bila kukifanya. Alimpa bibi mmoja wa Kirundi ufagio, akamwambia afagie, kisha akauliza darasa, "What is she doing?" Wote wakajibu kwamba anafagia: "She is sweeping." Bibi alipoinua ufagio kupumzika na darasa likaendelea kuitikia, madamu alipiga meza kwa kiganja. "Sasa mnadanganya," alisema kwa Kiswahili chake cha Uganda. "Yeye nasimama. Hapana kufagia."

Akaandika ubaoni, akaeleza kwamba pale kuna vitu viwili. Kimoja ni "am", au "is", au "are", kufuatana na mtu anayesemwa. Kingine ni mkia, ule wa "-ing", unaofungwa nyuma ya kitenzi. Ukiacha kimoja, umeharibu. Watu wengi darasani waliacha kile cha kwanza. Walisema "I cooking", "I going", na kila mara madamu aliwarudisha nyuma kama anayemrudisha mtoto kunawa mikono.

Baba ndiye aliyeinua mkono. Alimwambia kwamba hilo si geni kwao, wana neno kama hilo. Sisi Wakongo hatusemi tu "najenga", tunasema "niko najenga". Ile "niko" ndiyo "am".

Madamu aligeuka, akaandika maneno ya baba ubaoni chini ya yale ya Kiingereza, neno chini ya neno. Tangu siku hiyo Wakongo wa darasa lile hawakuiacha tena "am". Baba alirudi nyumbani akitembea kama mtu aliyepewa cheo.

Basi akaanza kutangaza kila alichokifanya. Nikimtembelea, nilimkuta anaosha sahani akijiambia, "I am washing the plate." Alifunga mbuzi, akasema anafunga mbuzi. Alinipigia simu katikati ya wiki, nikauliza kuna nini, akasema hakuna kitu, "I am calling you." Jirani yake mmoja, mama wa kanisani kwetu, alimsikia nyuma ya nyumba, akadhani mzee amejaliwa kunena kwa lugha, akapita kimya asimkatize. Alipogundua kwamba baba alikuwa anajisemea habari za kumenya viazi, alihuzunika kidogo.

Alikuwa na daftari la jalada la kijani. Humo aliandika sentensi kwa herufi kubwa za mtu aliyezoea kuchora namba kwenye mbao kwa penseli nene. Ukurasa mmoja ulikuwa na maneno mekundu. Hayo yalikuwa maneno yasiyopokea mkia: kujua, kutaka, kupenda, kuwa na kitu, kuamini. Kiingereza, madamu aliwaambia, hakisemi "I am knowing" wala "I am loving", ingawa utayasikia sokoni na hata redioni. Baba hilo lilimkwaza. Alibishana naye darasani, kisha akaja kubishana na mimi. Kupenda si kazi? Alinilea peke yake tangu nikiwa na miaka miwili. Hiyo haikuwa kazi, kila siku, asubuhi mpaka jioni? Madamu alikuwa amemjibu kwamba ni kazi, lakini si ya kuonekana ikianza na ikikoma, kama kufagia. Ipo tu. Baba aliyaandika kwa kalamu nyekundu, bado akinung'unika.

Mvua za mwezi wa tatu zilipoanza walikuwa wamefika kwenye "was" na "were". Ndipo mambo yakakatika.

Alikuwa anakandika kwa udongo ukuta wa jirani. Waliokuwa naye walisema mwiko ulimtoka mkononi, akainama kuuokota, akakaa. Akaendelea kukaa. Walipomwinua, mkono wa kulia ulining'inia na mdomo ulikuwa umevutwa upande mmoja. Walimpeleka kituo cha afya, na huko wakasema ni kiharusi, wakatafuta ambulensi ya kumleta Mbarara. Nilimpokea kwenye lango la hospitali. Macho yake yalinijua. Alifungua kinywa, kikatoka kitu kimoja: "Ta."

Kwa wiki tatu hicho kilikuwa kila kitu. Niliuliza kama anaumwa, akasema ta. Niliuliza kama anataka maji, akasema ta, akafumba macho kwa hasira, kwa sababu alisikia mwenyewe kwamba sivyo alivyokusudia. Nilimsemesha Kiswahili. Wazee wa kanisa walikuja kutoka Nakivale, wakamwombea kwa Kifuliiru, lugha ya mama yake, na machozi yakamtoka, lakini neno halikutoka. Daktari alinieleza taratibu kwamba sehemu ya kichwa inayotengeneza maneno ndiyo iliyoumia. Anaelewa kuliko anavyoweza kusema. Mengine tungoje.

Miongoni mwa waliomhudumia alikuwa dada mmoja mtaalamu wa kuwafundisha watu kusema tena. Alikuwa kijana, mpole, na alikuja na kadi za picha: mwanamke anafagia, mtoto anakunywa, mwanamume analima. Aliniuliza mzee anazungumza lugha gani. Nikamwambia Kiswahili na Kifuliiru. Haikunijia hata kidogo kutaja Kiingereza, kwa kuwa machoni pangu kile kilikuwa mchezo wa mzee, kitu cha kusemesha sahani na mbuzi. Basi akaonyesha kadi, mimi nikauliza kwa Kiswahili, "Huyu mama anafanya nini?" Baba akatazama picha, akatafuta, jasho likamtoka kipajini. Ta. Tulifanya hivyo siku nne.

Siku ya tano mtaalamu alikuja na mwanafunzi wake. Alikuwa anamwonyesha jinsi ya kushika kadi ili mgonjwa aione kwa upande ambao macho yake bado yana nguvu. Hakuwa anamwuliza baba. Alimgeuzia mwanafunzi ile kadi ya kwanza, akasema kwa Kiingereza, kama mfano tu, "What is she doing?"

"She is sweeping," alisema baba.

Ilikuwa sauti yake. Nzito, imekwaruza kwa kukaa wiki tatu bila kazi, lakini yake, na maneno yote matatu yalikuwa mahali pake, "is" haikukosekana, mkia haukukosekana. Mimi nilikuwa nimeshika kikombe cha uji. Nakumbuka nilikiweka chini polepole sana, kana kwamba kuna ndege ametua kitandani na ningemfukuza. Mtaalamu naye hakusogea. Baba ndiye aliyeshangaa kutuzidi. Alijigusa mdomo kwa mkono wa kushoto.

Mtaalamu akatoa kadi ya pili. "The child is drinking." Ya tatu. "The man is digging." Kulikuwa na picha ya mbwa anabweka, na neno la kubweka hawakuwa wamelifikia darasani. Baba aliitazama. "The dog is speaking," alisema. Mwanafunzi alicheka, kisha akajifuta macho.

Baadaye nilimfuata mtaalamu kwenye varanda, nikamwambia habari za darasa, madamu na lile daftari. Alisikiliza mpaka mwisho. Alisema amesoma kwamba huwa inatokea, mtu anayejua lugha kadhaa kurudiwa kwanza na ile aliyojifunza mwisho, kwa bidii, kwa mazoezi, neno moja moja. Yeye mwenyewe alikuwa hajaiona kwa macho. Hakuniahidi kwamba lugha nyingine zitarudi. Alisema tushike huo uzi tulioupata.

Nilisimama pale nikiangalia watu wakipita uani. Mtu aliyezaliwa ndani ya Kifuliiru, aliyeoa na kulea kwa Kiswahili, vyote vilikuwa vimezama, na kilichobaki kikielea ni sentensi za darasa la saa kumi, zilizofundishwa kwa ufagio na mama wa Isingiro.

Waliporuhusu tuondoke, nilimleta Nyamityobora. Jirani wa Nakivale alitutumia nguo zake na daftari la kijani. Nilimwekea kiti kibarazani, karibu na cherehani, na maisha yetu mapya yakaanza kwa lugha ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeimudu. Mimi nilisoma daftari lake nikiwa napasi mishono. Nilitaka kumfuata alipo.

Sikujua kwamba mahali hapo pangekuwa padogo namna ile. Mlango mmoja tu ulikuwa umefunguka, na ulikuwa ule wa mkia. Hakuweza kusema anataka maji. Kutaka kulikuwa kwenye ukurasa mwekundu, nadhani, au basi hakukuwa na sentensi yake iliyokaa imara. Alishika kikombe kitupu, akasema, "I am drinking," na mimi nikajifunza kwamba hapo ana kiu. Akisema "I am sleeping" macho yakiwa wazi, namsaidia kulala. Jana haikuwepo, kesho haikuwepo. Alikuwa na kile kinachotendeka, basi.

Lakini kwa hicho alikuwa tajiri. Alikaa pale akitazama mtaa wangu, akausema. Mtu anauza ndizi. Mwanamke anavuka. Mvua inakuja. Boda anangoja. "The girl is carrying water. The water is falling." Nilikuwa nimeishi mtaa ule miaka sita, nimeinamisha kichwa kwenye sindano, nikidhani naujua. Sasa kila nilipomsikia nilinyanyua macho, na kweli, maji yalikuwa yanamwagika kidogo kidogo nyuma ya msichana, yanaacha mstari kwenye vumbi, na mstari huo ulikuwa unakauka mbele ya macho yetu. Nilipata hofu ya namna fulani, ile inayompata mtu kanisani wimbo ukianza bila kutangazwa. Vitu vyote hivyo vilikuwa vinatendeka wakati wote. Nani alikuwa anavishuhudia kabla ya baba kuketi pale?

Wateja walizoea. Wengine walimsalimu kwa Kiingereza, wakamuuliza anafanya nini. "I am sitting," alijibu kwa heshima zote.

Mwezi wa pili wa kukaa kwake, madamu alikuja. Wanafunzi wenzake walikuwa wamempa habari, na alikuwa na shughuli zake mjini, akauliza njia mpaka akafika. Alivaa gomesi ya bluu, lile gauni refu la heshima la wanawake wa Uganda, mkoba uko kifuani vile vile. Nilimkaribisha kwenye kiti changu cha cherehani. Nilitaka kumwandaa, kwa hiyo nilimweleza kwa sauti ya chini kwamba mzee hasemi sawasawa, asishangae, na akikosea tunamwacha tu ili asivunjike moyo.

Madamu alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na baba, akamwamkia. Baba alimtazama. Kitu kikapita usoni mwake, kwanza jicho, kisha upande ule mzima wa mdomo. Alijikusanya. Nilimwona akisukuma kutoka ndani, kama anayesukuma mlango uliovimba kwa mvua.

"I am knowing you," alisema.

Mimi nilianza kulia. Kwa miezi miwili hakuwa amesema kitu chochote ambacho hakikuonekana kwa macho. Sasa alikuwa amesema anamjua mtu. Nilitaka kumkumbatia. Madamu aliinua mkono, kunizuia.

"Hapana, mzee," alisema. "Hii neno hapana pata mkia. Umesahau? Sema tena."

Niliona ni ukatili. Nilifungua kinywa nimwambie aache, lakini nilitazama uso wa baba na sikuweza. Alikuwa amekaa wima. Hakuna mtu aliyekuwa amemkosoa tangu siku ya mwiko. Sisi wote tulipokea chochote alichotupa, tukapiga makofi kama kwa mtoto anayeanza kusimama. Mwanamke huyu alikuwa anamwambia amekosea, tena bila kumwonea haya, kwa sababu hakuwa na shaka yoyote kwamba anaweza kupatia.

Ilichukua muda. Boda mbili zilipita. Alijaribu, akarudi kwenye "am", akatikisa kichwa mwenyewe, akaiacha. "I," alisema. Akapumua. "I know. I know you."

"Vizuri," alisema madamu, na akafungua mkoba kutoa chaki, kama vile walikuwa wameachana jana.

Nikaelewa hapo kwamba sentensi ile fupi, isiyo na mkia, ilikuwa ya kwanza kutoka nje ya ule mlango mmoja. Baba naye alielewa. Aligeuka, akanitafuta kwa macho, akaniambia mimi pia: "I know you." Halafu akarudia mara nyingine, polepole, akiitazama mikono yangu.

Madamu alibaki mpaka saa kumi na moja. Aliandika kwenye sakafu ya saruji ya kibaraza changu, kwa sababu ubao haukuwepo. Alisema walikuwa wameachia kwenye "was", na somo halijaisha. Akamkumbusha: jambo lililokuwa linaendelea wakati huo, halijakwisha, tunalitazama kutoka ndani. Akasema, jana mimi nilikuwa napika. "I was cooking." Akamwambia baba atoe mfano wake.

Nilidhani atasema alikuwa anakunywa, au alikuwa amekaa.

"Your mother was pounding," alisema.

Sindano ilikuwa mkononi mwangu. Ni lazima nieleze kitu hapa. Mama yangu alifariki huko kwetu nikiwa na miaka miwili, kabla hatujakimbia. Simkumbuki. Picha hakuna. Nilipokuwa mtoto nilimwuliza baba, na alinijibu kila mara, hakunificha, lakini alinijibu vile vile: alitoka kijiji cha ng'ambo ya mto, alikuzaa, aliugua, tulimpeleka hospitali, alikufa. Vyote vimekwisha. Kila nilichokuwa nacho kuhusu mama yangu kilikuwa kimefungwa. Nilimjua kama watu wanavyojua habari ya mtu kwenye msalaba wa kaburi.

"Pounding what?" madamu aliuliza, maana alikuwa mwalimu na sentensi haikuwa kamili.

Baba alilijua jibu, lakini si kwa Kiingereza. Alifanya kwa mkono wa kushoto: kuchuma majani, kuyajaza kinuni. Nikamsaidia. "Sombe," nilisema, majani ya muhogo. Aliitikia kwa kichwa, kwa nguvu. "Your mother was pounding sombe. You were crying. I was..." Akaonyesha jiwe juu ya jiwe. "I was building." Kisha akanyoosha kidole juu, kwenye bati la kibaraza. "The rain was coming."

Madamu aliuliza kama mama alikuwa amekaa au amesimama. Sijui kama aliuliza kwa ajili ya somo au kwa ajili yangu. "She was standing," alisema baba. Akainua mkono wake mzima, ule wa kushoto, akaupandisha na kuushusha kama mwenye mchi. Akausimamisha hewani, akautazama, akaona kwamba ndio wenyewe. "Left," alisema. "She was pounding left."

Mimi nakata kitambaa kwa mkono wa kushoto. Nilichapwa shuleni kwa ajili yake. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia umetoka wapi.

Kwa mara ya kwanza katika miaka yangu thelathini na mmoja nilimwona mama yangu akifanya jambo. Alikuwa amesimama uani, mvua inakaribia, mtoto analia, na mchi unapanda na kushuka katika mkono wa kushoto, na hakuwa amezaa wala kuugua wala kufa, alikuwa anatwanga. Somo lile halikuwa na nafasi ya kilichofuata. Lilimwacha hapo hapo, sombe bado haijalainika.

Madamu aliondoka kabla ya giza. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikamshukuru vibaya, kwa maneno yasiyotosha. Alisema mzee ana bidii, ila aangalie maneno yasiyopokea mkia. Akapanda boda.

Kiswahili kilirudi mwezi wa tano tangu augue. Hakikuja kwa ibada. Nilikuwa nimepakua ugali na dagaa, baba akaonja, akakunja uso, akasema, "Chumvi mingi." Nilimwomba arudie. Akarudia, kwa ukali zaidi, akasukuma sahani. Nilikula dagaa wale wote peke yangu, chumvi na machozi, nikiwa na furaha isiyo na kiasi. Baada ya hapo kilikuja kwa vipande, leo vitatu, kesho hakuna, na Kifuliiru kikafuata nyuma yake, kwenye nyimbo kwanza.

Sasa amerudi Nakivale. Anatembea na fimbo, mkono wa kulia hushika kikombe lakini si mwiko, na vijana wanamwita kwenye kazi zao aje aseme ukuta ukoje. Anazungumza Kiswahili chenye mashimo. Akifika kwenye shimo anapita upande wa Kiingereza, kisha anarudi.

Niligundua jambo moja kwa bahati. Nikimwuliza habari za mama kwa Kiswahili, ananijibu kama zamani: alitoka ng'ambo ya mto, alikuzaa, aliugua. Nikimwuliza kwa Kiingereza, alikuwa anafanya nini, anatazama mahali fulani, na ananipa kitu. Sijui kwa nini iko hivyo, na mtaalamu nilipomwuliza alisema hajui pia. Simchoshi. Ninamwuliza mara moja tu kila ninapomtembelea. Mpaka sasa ninazo sentensi kumi na moja za mama. Alikuwa anaimba na kusahau maneno. Alikuwa anamgombeza kuku. Alikuwa analala karibu na mlango, kwa sababu ya joto.

Jumamosi iliyopita tulikuwa nje, ng'ombe wa majirani wakielekea ziwani, na nikauliza. Baba alifikiri. Halafu akaanza kutabasamu, kwa upande mmoja kwanza.

"Your mother was wearing my shoes," alisema.

Nikamwuliza kwa nini, kwa Kiingereza, kisha kwa Kiswahili. Alikuwa anacheka kiasi kwamba chai ilimwagika kwenye goti. Alifanya ishara ya kitu kikubwa, akaonyesha mbali, akajaribu neno, akashindwa, akacheka tena, na mimi nikacheka naye bila kujua tunacheka nini, mpaka ng'ombe wote wakawa wamepita.